Kwenda Ulaya Kutazama Nusu Fainali au Fainali ya Ligi ya Mabingwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya shabiki wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au Lubumbashi ambaye kwa miaka mingi ameitazama Ligi ya Mabingwa Ulaya kwenye kibanda umiza au sebuleni kwake, na sasa ameweka akiba ya kwenda kukaa jukwaani mwenyewe. Mswahili anayeishi Muscat naye atakuta mengi yanayomhusu, kwa kuwa pasi ya Oman nayo inahitaji viza ya Schengen, ile moja inayokubaliwa na nchi nyingi za Ulaya. Aliyekwisha hamia Ulaya anaweza kuruka sehemu ya viza na kwenda moja kwa moja kwenye tiketi.

Hatua za mwisho zinaanzia wapi?

Tangu msimu wa 2024/25 mashindano yanaanza na timu 36 katika msimamo mmoja, kila timu ikicheza mechi 8. Timu 8 za juu huingia moja kwa moja katika hatua ya 16 bora, zinazoshika nafasi ya 9 hadi ya 24 huchuana kwanza katika mchujo, na zilizobaki huaga. Kuanzia hapo kila hatua ni ya mtoano wa mikondo miwili, nyumbani na ugenini, isipokuwa fainali, ambayo ni mchezo mmoja katika uwanja uliotangazwa mapema sana. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa mipango yote ya safari: kwenye fainali mahali na tarehe vinajulikana lakini timu hazijulikani, ilhali kwenye robo na nusu fainali wewe unaijua timu yako lakini hujui kama itafika, itacheza na nani, wala mkondo upi utakuwa nyumbani.

Nitajuaje mapema timu yangu itacheza wapi?

Siku hizi unaweza kujua zaidi kuliko zamani, kwa sababu droo ya mwisho ya Februari hupanga njia nzima hadi fainali. Droo ya Februari 21, 2025, kwa mfano, ilionyesha nani angekutana na nani katika 16 bora na pia mshindi wa kila jozi angeelekea upande gani. Kanuni za msimu wa 2025/26 zimeongeza jambo jingine la manufaa: timu zilizomaliza nafasi nne za juu kwenye msimamo hupewa mkondo wa pili wa robo fainali nyumbani, na zilizoshika mbili za juu hupewa haki hiyohiyo katika nusu fainali, ingawa anayemtoa aliye juu yake hurithi nafasi yake. Kwa hiyo shabiki makini huutazama msimamo wa Januari kwa jicho la msafiri, kwa kuwa nafasi ya pili na ya tano zinaweza kutofautiana kwa juma zima katika kalenda yako.

Je, muda unatosha kupata viza baada ya timu kufuzu?

Hapa ndipo safari nyingi hufia, na inafaa kuzitazama tarehe zenyewe. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida yanatakiwa yawasilishwe si chini ya siku 15 kabla ya kusafiri. Uamuzi huchukua takriban siku 15, na pale ubalozi unapotaka kuchunguza zaidi unaweza kufika siku 45. Sasa chukua msimu wa 2024/25. Robo fainali za mkondo wa pili zilichezwa Aprili 15 na 16, na nusu fainali za kwanza zikaanza Aprili 29. Aliyesubiri filimbi ya mwisho ya Aprili 16 ndipo akaanza kutafuta miadi ya ubalozi alikuwa amechelewa kabla hajajaza fomu. Kutoka nusu fainali ya mwisho, Mei 7, hadi fainali ya Mei 31 kulikuwa na siku 24, ambazo zinatosha kwenye karatasi tu, maana miadi yenyewe inaweza kukosekana kwa wiki kadhaa msimu wa kiangazi unapokaribia.

Ushauri wetu ni kwamba uombe viza kwa kufuata mji na tarehe, si kwa kufuata timu. Anayetaka fainali aombe kwa ajili ya mji wa fainali miezi mitatu au minne kabla, akiwa tayari kumtazama yeyote atakayefika. Anayetaka klabu yake achague robo fainali ambayo ipo karibu mwezi mmoja baada ya 16 bora, au aombe mapema kwa sababu ya kweli ya utalii wa mji huo na kuufanya mpira kuwa sehemu ya ziara. Usidanganye katika fomu. Afisa wa dirishani akikuuliza unaenda kufanya nini, sema unaenda kutembea na kutazama mpira, na uwe na ratiba inayolingana na maneno yako.

Ubalozi utanidai nini?

Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Utahitaji pasi iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ambayo itaendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, yenye kurasa mbili tupu. Bima ya safari ya kiwango kisichopungua yuro 30,000. Taarifa za benki za miezi ya karibuni. Barua ya mwajiri au nyaraka za biashara yako. Na uthibitisho wa malazi na wa safari ya kurudi. Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na ubalozi huangalia sana sababu za wewe kurudi nyumbani kuliko mapenzi yako kwa klabu. Mtu mwenye tiketi ya mpira mkononi lakini akaunti iliyojazwa pesa juzi hujitia mashaka mwenyewe.

Tiketi ya mechi husaidia kidogo kuonyesha nia ya safari, ila si viza, na sharti la kawaida la wauzaji ni kwamba kunyimwa viza hakukupi haki ya kurudishiwa pesa. Tiketi ya ndege nayo wekea nafasi bila kulipia, au nunua ile inayoweza kurudishwa, mpaka pasi irudi na stika ndani yake. Fahamu pia kuwa tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya Schengen imeanza kutumia mfumo wa kuandikisha alama za vidole na picha ya uso wa mgeni anapoingia, kwa hiyo usipange kutua saa nne kabla ya mechi.

Viza ya Schengen itaniingiza Uingereza?

Hapana. Uingereza ina viza yake, inayoombwa hadi miezi 3 kabla ya safari na kwa kawaida huamuliwa ndani ya wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Nusu fainali ya Arsenal na PSG mwaka 2025 ni mfano mzuri: mkondo wa kwanza ulichezwa London Aprili 29 na wa pili Paris Mei 7. Aliyetaka kuiona mikondo yote miwili alihitaji viza mbili na ada mbili, kwa umbali ambao treni hutumia muda wa zaidi kidogo ya saa mbili. Uturuki pia iko nje ya Schengen, jambo ambalo baadhi ya watu walilisahau wakati fainali ya 2023 ilipopelekwa Istanbul.

Tiketi ya fainali hupatikanaje?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kura inayoendeshwa kwenye tovuti ya UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya; kura hiyo hufunguliwa na kufungwa kabla timu za fainali hazijajulikana; aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wana nafasi sawa, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha. Ya pili ni mgao wa klabu mbili zinazofika, ambao ni mkubwa zaidi lakini huenda kwa wanachama na wenye tiketi za msimu. Ya tatu ni vifurushi vya ukarimu vyenye chakula na viti vya kifahari, ambavyo bei yake tuseme tu kwamba hununua bodaboda mpya.

Ili upate picha ya uwiano, katika fainali ya Wembley ya Juni 1, 2024, ambapo Real Madrid iliifunga Borussia Dortmund mabao 2-0, kila klabu ilipewa tiketi 25,000 na watu wa kawaida duniani kote wakawekewa 10,000. Bei zilianzia yuro 70 kwa viti vya nyuma ya magoli na kufika yuro 610 kwa daraja la kwanza. Ukiomba daraja la chini unaomba pamoja na dunia nzima. Daraja la kati, kwa mtazamo wetu, ndilo lenye matumaini zaidi kwa anayemudu. Kabla ya kura hakikisha benki yako imekuruhusu kulipa kiasi hicho mtandaoni, kwa sababu kadi nyingi za kwetu zina kikomo cha matumizi cha kila siku ambacho mwenye kadi hukigundua siku inapokataliwa.

Na tiketi za robo na nusu fainali?

Hizo huuzwa na klabu mwenyeji, si UEFA, na klabu kubwa huwahudumia wanachama kwanza. Uanachama wa mwaka wa klabu nyingi za Uingereza unaweza kununuliwa na mtu aliye nje ya nchi, lakini unapaswa kuununua mwanzoni mwa msimu, maana hatua ya mtoano ikifika klabu huangalia historia ya ununuzi au huchezesha kura miongoni mwa wanachama waliojiandikisha mapema. Njia ambayo wageni huisahau ni mfumo rasmi wa kuuziana wa klabu, ambapo mwenye tiketi ya msimu asiyeweza kufika hurudisha kiti chake. Viti hivyo huibuka kimoja kimoja, mara nyingi siku mbili tatu za mwisho, na vinamfaa anayesafiri peke yake kuliko familia ya watu wanne.

Naweza kukaa na mashabiki wa ugenini?

Kanuni za UEFA zinamtaka mwenyeji awatengee wageni angalau asilimia 5 ya uwezo wa uwanja, na bei ya tiketi hizo ina kikomo: yuro 60 msimu wa 2024/25, na yuro 50 kuanzia 2025/26. Mara nyingi huwa miongoni mwa tiketi za bei nafuu katika hatua hizi, na ndiyo sababu huishia kwa waliozunguka na timu miaka mingi. Ukizipata, jua kwamba polisi wa Hispania na Italia huwazuia wageni ndani ya uwanja baada ya mechi mpaka wenyeji watawanyike, wakati mwingine karibu saa nzima.

Kununua tiketi ya upande wa wenyeji na kuvaa jezi ya wageni ni kosa ambalo Waswahili wengi hufanya kwa nia njema, kwa kuwa Uwanja wa Mkapa umetuzoesha kuwaona Simba na Yanga wakipita geti moja wakitaniana. Kule utatolewa nje, na si kwa ubaya bali kwa usalama wako. Vaa koti jeusi, shangilia moyoni.

Kuna mtu mtandaoni anauza tiketi. Nimwamini?

Usimwamini. Nchini Uingereza na Wales kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1994, na mlanguzi anayekutumia picha ya tiketi kwa WhatsApp anakuuzia picha tu. Tiketi za fainali sasa hukaa ndani ya programu ya simu ya UEFA na huhamishwa kutoka simu moja kwenda nyingine ndani ya programu hiyohiyo. Karatasi, faili au picha ya skrini haimfungulii mtu mlango.

Simu yangu inahusika vipi na mlango wa uwanja?

Inahusika kuliko pasi yako. Msimbo wa tiketi ya fainali hauonekani ukiwa hotelini. Huamka unapokaribia uwanja, simu ikiwa imewashwa Bluetooth. Pakua programu ukiwa na intaneti ya uhakika, ingia kwa baruapepe ileile uliyoombea tiketi, na ubebe betri ya akiba iliyojaa. Mwandishi wa majibu haya aliwahi kusimama nje ya geti la kuzunguka, simu ikiwa na chaji asilimia 3, akiipunguza mwanga na kuiombea dua, wakati kijana wa ulinzi akisubiri kwa subira ya mtu aliyekwisha kuona wengi wa aina hiyo. Msimbo ulisoma. Simu ilizima kabla hajakifikia kiti, na namba ya kiti ilikuwa ndani ya simu.

Mechi inaanza saa ngapi kwa saa zetu?

Kwenye tiketi mara nyingi utaona 21:00, yaani saa 3 usiku. Katika mechi za Machi, kabla Ulaya haijasogeza saa zake, wakati huo nyumbani Afrika Mashariki ni saa 5 usiku; kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa saa 4 usiku, na Lubumbashi na Goma zinalingana kabisa na Paris. Fainali imebadilishwa: kuanzia ile ya Budapest ya Mei 30, 2026, imepangwa kuanza saa 12 jioni kwa saa za huko, sawa na saa 1 usiku Nairobi. Badiliko hilo ni zawadi kwa anayetegemea treni kurudi alikofikia.

Kama naweza kumudu mkondo mmoja tu, nichague upi?

Wa pili, bila kusita. Tangu 2021 bao la ugenini halihesabiwi zaidi, hivyo sare ya jumla huenda kwenye dakika 30 za nyongeza na penalti, na hayo yote hutokea mkondo wa pili. Anfield, Mei 7, 2019, Liverpool iliingia ikiwa nyuma kwa mabao 3-0 dhidi ya Barcelona na ikashinda 4-0, mawili yakifungwa na Divock Origi, Mbelgiji ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea Harambee Stars. Mei 6, 2025 San Siro iliiona Inter ikisawazisha dakika za majeruhi na kuitoa Barcelona 4-3 katika muda wa nyongeza, jumla 7-6. Hasara ya mkondo wa pili ni kwamba unaweza kuwa umeamuliwa tayari, lakini jukwaa la timu inayokamilisha safari ya fainali halichoshi hata mechi ikiwa imepoa.

Nifike uwanjani mapema kiasi gani, na niende kwa usafiri gani?

Kwa nusu fainali saa mbili kabla zinatosha; kwa fainali fika mageti yanapofunguliwa. Hili si neno la kujaza nafasi. Mei 28, 2022, kwenye Stade de France, maelfu ya mashabiki wa Liverpool wenye tiketi halali walikwama kwenye vichochoro vya ukaguzi, wakapigwa mabomu ya machozi, na fainali ikachelewa zaidi ya nusu saa. Ripoti huru iliyotolewa Februari 2023 ilisema wajibu mkuu wa vurugu hizo ulikuwa wa UEFA na ikakataa madai kwamba mashabiki ndio waliosababisha. Aliyefika mapema siku hiyo hakuepuka kila kitu, lakini alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma na kutafuta geti jingine.

Usafiri unategemea mji. Wembley ina kituo cha Wembley Park, Allianz Arena ya Munich inafikiwa kwa treni ya U6 hadi Fröttmaning, Bernabéu iko mlangoni mwa kituo chake kwenye mstari wa 10, na Puskás Aréna ya Budapest iko kwenye mstari wa M2. Uwanja wa Atatürk wa Istanbul uko mbali na mji, na waliokwenda 2023 walitumia masaa barabarani. Kila mahali, angalia saa ya treni ya mwisho kabla hujaondoka hotelini, na uihesabu pamoja na dakika za nyongeza na penalti: mechi ya saa 3 usiku inaweza kukutoa uwanjani karibu saa 6.

Naweza kubeba mkoba?

Mdogo, usiozidi ukubwa wa karatasi ya A4. Fedha taslimu pia mara nyingi hazikubaliwi kwenye vibanda vya ndani, hivyo beba kadi. Na beba koti hata kama ni Aprili na jua limewaka mchana. Usiku wa jukwaani Manchester au Dortmund ni baridi ya Makete.

Mtoto mdogo anahitaji tiketi yake?

Ndiyo, kila anayepita getini, hata wa kubebwa. Na baadhi ya klabu huweka umri wa chini.

Nikikosa tiketi, kuna maana ya kwenda mjini?

Kwa fainali, ipo. UEFA huandaa tamasha la wazi la siku kadhaa katikati ya mji, bila kiingilio, na mara nyingi lile kombe lenyewe huwekwa mahali watu wapige nalo picha. Wapo waliokwenda Munich 2025 bila tiketi, wakaona PSG ikiifunga Inter 5-0 kwenye baa, na hawajutii. Kwa nusu fainali hatushauri. Anayetaka kuingia uwanjani kwa gharama ndogo aitazame fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake, ambayo tiketi zake ni rahisi zaidi kupata. Ile ya Lisbon ya Mei 24, 2025, Arsenal iliifunga Barcelona 1-0 mbele ya jukwaa lililokuwa na watoto wengi kuliko walanguzi.

Timu yangu ikitolewa baada ya mimi kulipia kila kitu, nifanyeje?

Kama ulinunua tiketi ya fainali kwa kura, kiti ni chako bado na hakiulizi unamshabikia nani, nenda. Usijaribu kumuuzia mtu nje ya njia rasmi, kwa kuwa UEFA inaweza kuifuta tiketi na kumwacha mnunuzi wako getini. Kama ulikuwa na matumaini ya nusu fainali tu, viza yako bado ni halali kwa siku zilizoandikwa, na ligi za ndani zinaendelea wikiendi hiyohiyo kwa bei ya chini kabisa ukilinganisha. Kabla hujaahirisha, soma masharti ya hoteli: nyingi huruhusu kufuta bila gharama hadi siku moja au mbili kabla, na saa inayohesabiwa ni ya huko, si ya Dar es Salaam.